Bluberi ya Nyumbani Huchaguliwa kwa Baridi ya Usiku

Bluecrop ilitolewa Marekani mwaka 1952, na kwa zaidi ya nusu karne imetajwa mwanzomwanzo katika orodha za bluberi zinazofaa bustani ya nyumbani. Inazaa kwa wingi, tunda lake ni kubwa, inavumilia ukame kuliko wenzake, na hata anayepanda kwa mara ya kwanza huvuna. Sifa hizo zote ni za kweli. Mche huohuo ukipandwa Limuru, Lushoto au Musanze, mwenyewe atakaa miaka akiangalia majani machache yakichipua kwa kusuasua na maua mawili matatu yakitokea bila msimu. Atabadilisha mbolea, ataongeza maji, ataung'oa mche na kuuhamishia upande wa pili wa ua, na hali itabaki ileile. Mche hauumwi. Unasubiri majira ya baridi ambayo huko hayaji.

Niseme mapema ninachokiamini: anayechagua bluberi kwa kuangalia picha ya tunda ameanzia mwisho. Swali la kwanza ni usiku wa mahali pako una baridi kiasi gani, na kwa muda gani. La pili ni udongo na maji. Ladha, ukubwa wa tunda na umbo la kichaka hufuata baadaye, na hapo ndipo pa kustarehe, kwa sababu ukishayajibu yale mawili utakuwa umebaki na majina machache yote yanayoweza kuzaa kwako, na hapo unaweza kuufuata ulimi wako bila hofu.

Ili kuelewa kwa nini jina la aina lina uzito kiasi hiki, inafaa kujua bluberi ya bustani ilitoka wapi. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 tunda hili lilichumwa porini tu. Wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini walilichuma na kulikausha kwa karne nyingi, na walowezi wakaendeleza mtindo huo. Waliojaribu kuhamishia vichaka shambani waliviona vikinyauka. Mwaka 1906 Frederick Coville, mtaalamu wa mimea katika wizara ya kilimo ya Marekani, alianza kutafuta sababu, na mwaka 1910 akachapisha jibu: watu walikuwa wakizipa bluberi udongo mzuri mno. Zenyewe zinataka udongo mchachu, ule ambao kabichi ikipandwa hudumaa. Elizabeth White, binti wa familia iliyolima kranberi huko Whitesbog, New Jersey, alilisoma chapisho hilo akamwandikia Coville, na mwaka 1911 wakaanza kazi pamoja.

White alikuwa na kitu ambacho Coville hakuwa nacho: majirani walioyajua mapori ya misonobari ya jimbo lile nje ndani. Aliwagawia vipimo vyenye tundu la milimita 16 hivi, akaahidi malipo kwa atakayeleta habari za kichaka ambacho matunda yake hayapiti kwenye tundu hilo. Vichaka vilivyopatikana alivipa majina ya waliovigundua. Mmoja wa wagunduzi hao aliitwa Rube Leek, na kichaka chake ndicho Rubel, aina inayouzwa mpaka leo. Mwaka 1916 bluberi za kwanza zilizolimwa zikapelekwa sokoni.

Rubel zote zilizoko duniani, basi, ni kichaka kimoja cha porini kilichokatwa vipandikizi na kukatwa tena kwa zaidi ya miaka mia moja, kama mhogo unavyopandwa kwa vipande vya shina. Chochote kilichokuwa ndani ya kichaka kile, pamoja na kuzoea theluji ya New Jersey, kimo ndani ya mche uliokaa kwenye mfuko mweusi wa kitalu. Mche haufundishiki hali mpya ya hewa kwa kuhurumiwa. Ama uwezo huo umo ndani yake ama haumo.

Jambo la baridi nalo alilionyesha Coville mwenyewe, mwaka 1920. Mimea iliyowekwa kwenye nyumba ya vioo yenye joto wakati wote wa kipupwe haikuamka vizuri majira ya kuchipua yalipofika, ilhali iliyoachwa nje ikapigwa na baridi ilichipua kwa nguvu. Kichaka cha bluberi cha kaskazini kinapopukutisha majani huingia usingizini, na hakiamki kwa sababu jua limewaka. Huamka baada ya kuhesabu baridi ya kutosha. Huo ni ulinzi wake: bila hesabu hiyo, siku tatu za joto katikati ya Januari zingekidanganya kikatoa maua, na theluji ya wiki inayofuata ingeyaua.

Wakulima huipima baridi hiyo kwa saa, yaani jumla ya saa ambazo joto limekaa kati ya nyuzi 0 na 7 hivi za Selsiasi. Bluberi ndefu za kaskazini, ambazo ndani yake zimo Bluecrop, Duke, Jersey na Patriot, zinadai saa 800 hadi 1,000, baadhi hata zaidi. Zile fupi za porini za Maine na Kanada, ambazo tunda lake ni dogo na tamu sana, nazo zinadai baridi kali. Jamii ya kusini-mashariki mwa Marekani inayojulikana kama jicho la sungura, yenye Tifblue, Climax, Brightwell na Powderblue, hutosheka na saa 300 mpaka 700. Kisha kuna bluberi ndefu za kusini, na hizi ndizo zinazomhusu msomaji aliye karibu na ikweta, kwa sababu baadhi yake hutosheka na saa 150, na zikikosa hata hizo huendelea kuzaa.

Zimepatikanaje? Florida ina bluberi ya porini ya kimo kifupi, isiyopukutisha majani, iliyozoea mchanga na joto. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, Ralph Sharpe wa Chuo Kikuu cha Florida alianza kuizalisha na bluberi ndefu za kaskazini, akitafuta mtoto mwenye tunda kubwa la mzazi mmoja na uvumilivu wa joto wa mwingine. Kazi hiyo ilichukua miongo. Sharpblue, iliyobeba jina lake, ilitolewa katikati ya miaka ya 1970, na baada yake zikafuata Misty, Emerald na Jewel. Kituo cha serikali cha Poplarville, Mississippi, nacho kilitoa Biloxi mwaka 1998.

Biloxi ilitolewa kwa ajili ya Mississippi, lakini jina lake limekuzwa na Peru. Mwishoni mwa miaka ya 2000 wakulima wa pwani ya Peru waliipanda kwenye jangwa, mahali ambapo mvua karibu hainyeshi na usiku haukaribii hata nyuzi 7. Maji yalipelekwa kwa matone, yakiwa yametiwa tindikali. Kichaka hakikulala. Kilibaki na majani mwaka mzima na kuzaa, na wakulima waligundua kwamba kwa kupogoa wanaweza kuamua mavuno yaje mwezi gani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2020 nchi ambayo miaka kumi na tano nyuma haikuwa na bluberi za kutajika ilikuwa inaongoza duniani kwa kuziuza nje. Afrika nayo imo. Zimbabwe na Afrika Kusini zinauza bluberi nje, na hapa kwetu kampuni ya Kakuzi inazilima kibiashara katika kaunti ya Murang'a. Kwa hiyo suala la kama bluberi inaweza kuzaa kwenye ardhi isiyo na kipupwe limeshafungwa. Lililobaki ni ipi.

Kwa anayekaa kwenye nyanda za juu za Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi, Uganda au Kivu, kwenye kimo cha mita 1,500 na kwenda juu, pendekezo langu linaanza na Biloxi. Siyo tamu kuliko zote, na tunda lake ni la wastani. Ninaitanguliza kwa sababu haina makuu: ina nguvu, inasimama wima, na imeshathibitika mahali pengi pasipo baridi. Mtu mwenye nafasi ya kichaka kimoja tu, na asiyetaka majaribio, achukue hiyo.

Misty ni hadithi nyingine. Ladha yake inaizidi Biloxi, kwa kinywa changu, na majani yake yenye ubuluu hupendeza hata bila tunda. Kasoro yake ni kutoa maua mengi kuliko inavyoweza kuyabeba. Mwenye huruma akiyaacha yote, kichaka hutumia nguvu zake kwenye matunda, majani yanakuwa haba, na mwaka wa pili au wa tatu matawi yanaanza kukauka. Misty inamtaka mtu asiyeogopa mkasi, atakayekata hata nusu ya matumba mapema. Asiyeweza kukata ua linalokaribia kufunguka asiichukue.

Sharpblue ndiyo ninayoisikitikia zaidi, kwa jinsi wafanyabiashara walivyoiacha. Tunda lake ni laini, na likichumwa hubaki na kidonda pale lilipoungana na kikonyo, kwa hiyo halivumilii safari ya wiki mbili melini. Kwa mtu ambaye tunda linatoka kwenye tawi na kuingia bakulini, kasoro hiyo haina maana yoyote. Hili ni jambo ambalo wanunuzi wa miche hulisahau wanaposikia kwamba aina fulani ndiyo inayopandwa na makampuni. Kampuni inachagua tunda gumu, linalodunda, lenye kovu dogo na kavu, kwa sababu inauza tunda litakaloliwa bara jingine. Ugumu na utamu si maadui, lakini aliyelazimika kuchagua kimoja amechagua ugumu. Bustani ya nyumbani haina meli, na ina haki ya kuchagua utamu. Zaidi ya hayo, aina nyingi mpya za makampuni zina hakimiliki na hutolewa kwa mkataba tu, kwa hiyo anayekuahidi mche wa aina hizo barabarani ama anakudanganya ama ameuiba.

Sunshine Blue inafaa kutajwa kwa ajili ya watu wa mjini. Haivuki sana kimo cha mita moja, hukaa vizuri kwenye chungu, maua yake yana uwaridi, na inavumilia udongo usio mchachu sana kuliko ndugu zake. Emerald hutoa tunda kubwa kweli, ladha yake ya upole, bila ukali, watoto huipenda. Jewel ina uchachu kidogo, na wapo wasioelewa bluberi isiyo na uchachu. O'Neal husifiwa kwa ladha kuliko nyingi, ila inadai baridi zaidi ya hizo nyingine, na kwa mwenye shamba la chini ya mita 2,000 karibu na ikweta nisingeishauri. Anayekaa kwenye baridi ya kweli, kama Makete chini ya uwanda wa Kitulo ambako umande huganda, au Molo na Kinangop, anaweza kuijaribu pembeni ya Biloxi.

Kwa watu wa pwani sina maneno mengi. Mombasa, Dar es Salaam, Unguja na Lamu zina joto la usiku ambalo hata bluberi za Florida hazilipendi, na hewa yenye unyevu huleta magonjwa ya majani. Nguvu hiyo ielekezwe kwenye stafeli na zambarau, ambazo huko zipo kwao.

Kichaka kisicholala kina tabia zake, na anayekichagua azijue kabla ya kununua. Ukilitazama kwa karibu tawi la Biloxi lililozoea nyanda za juu, utakuta hatua zote za msimu zimekaa pamoja: nchani kuna matumba yaliyofumba, mekundu kidogo, chini yake maua meupe yanayotazama ardhi, halafu matunda ya kijani, magumu, na mwisho yaliyoiva, yenye unga mweupe unaobaki kwenye kidole ukiyagusa. Kwa mwenye biashara hali hiyo ni usumbufu, maana anataka kuvuna kwa mkupuo. Kwa nyumba yenye watoto ni neema: konzi moja leo, konzi mbili keshokutwa, kwa miezi kadhaa. Gharama yake ni kwamba mmea usiopumzishwa na baridi lazima upumzishwe na mkono wako. Baada ya wimbi kubwa la mavuno, kata matawi yaliyozaa, ondoa vijiti vyembamba vya chini, acha machipukizi mapya yenye afya. Asiyepogoa atapata kichaka kirefu chenye matunda madogo nchani na mifupa mitupu chini.

Rangi ya buluu nayo isikuharakishe. Tunda hugeuka rangi siku kadhaa kabla ya kukamilika utamu, na likishachumwa haliongezi sukari hata ukilihifadhi vipi. Lipindue uangalie pale linapoungana na kikonyo. Pakiwa bado na wekundu, liache. Watu wengi wanaosema bluberi ya kwao ni chachu walikuwa na aina nzuri wakaichuma mapema.

Sasa udongo. Bluberi inataka pH ya 4.5 hadi 5.5, na habari njema kwa ukanda wetu ni kwamba kuna zao tunalolijua vizuri lenye matakwa yanayokaribiana sana na hayo: chai. Palipo na chai inayostawi, Kericho, Limuru, Mufindi, Rungwe, Lushoto, Nyungwe, udongo umeshakaribia kuwa tayari. Ishara nyingine zipo machoni. Kangaga zikijaa mbugani, udongo huwa mchachu. Haidrenjia iliyo mbele ya nyumba ikitoa maua ya buluu bila kusaidiwa, mchachu pia; ikitoa ya waridi, una kazi ya kufanya. Ishara hizo zinasaidia kukisia, lakini kipimo cha maabara hakigharimu kama mche uliokufa, na vituo vya utafiti kama KALRO Kabete na TARI Mlingano vinapima udongo. Tena jamii hii ya mimea si ngeni kabisa Afrika. Ndugu wa porini wa bluberi, Vaccinium stanleyi, anaota kwenye milima ya Rwenzori, kwenye udongo mchachu wa mboji na ukungu, na huyo ni mwalimu mzuri wa mazingira bluberi inayoyataka.

Mahali ambapo udongo si mchachu, salfa ya unga, ileile inayopulizwa kwenye mikorosho ya Mtwara, hushusha pH yake, lakini inafanya kazi kupitia vijidudu vya udongo na inahitaji miezi. Ichanganye mapema, mche uje baadaye. Ukiona majani mapya yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, usikimbilie mbolea: chuma kimo udongoni, mmea hauwezi kukichukua kwa sababu uchachu umepungua.

Na uchachu hupunguzwa na nini katika nyumba zetu? Mara nyingi ni jivu. Jivu la jikoni humwagwa kwenye migomba na sukuma wiki, na huko linafaa. Likimwagwa kwenye bluberi mwaka mzima, linafanya kazi ya chokaa. Samadi ya kuku nayo ni kali mno kwa mizizi hii, ambayo ni myembamba, haina vinyweleo vya kunyonyea kama mizizi ya mimea mingine, na hukaa juujuu. Mbolea ya CAN, iliyozoeleka karibu kila duka la pembejeo, ina kalsiamu na naitreti, vitu ambavyo bluberi haivihitaji namna hiyo. SA, yaani salfeti ya amonia, ndiyo inayoielewa, kwa kiasi kidogo na mara kadhaa. Masalia ya kahawa yaliyokwishachemshwa, yanayosifiwa sana, yanaongeza mboji lakini karibu hayana uchachu tena, kwa hiyo yasitegemewe.

Maji yanaweza kuharibu kila kitu ambacho udongo umekupa. Visima vingi vya Bonde la Ufa na vya Arusha vina magadi, na anayemwagilia kwa maji hayo anapandisha pH kidogokidogo kila jioni. Maji ya mvua kutoka kwenye paa ndiyo bora, na tangi dogo linatosha vichaka vitatu.

Kwa sababu hizo, kwa nyumba nyingi za mjini naona chungu ni bora kuliko shimo. Anza na chombo cha lita 20, hamishia cha lita 40 au 50 kichaka kikikua. Jaza maganda ya misonobari yaliyooza, ambayo viwanda vya mbao vya Mafinga na kwingineko huyatupa, yachanganye na makumbi ya nazi na udongo mchachu kidogo. Makumbi yaoshwe kwanza kwa maji matamu mara kadhaa, maana mengi yamelowekwa baharini na yamebeba chumvi. Chungu kina faida moja kubwa katika suala letu la aina: kinaondoa udongo kwenye hesabu. Ukishakuwa na chungu na maji ya mvua, kinachobaki kuamua ni baridi.

Uchavushaji hubadilisha idadi ya miche ya kununua. Jicho la sungura halizai la maana bila aina nyingine ya jamii yake kuwa karibu inayotoa maua wakati mmoja. Bluberi za kusini huweza kujizalisha zenyewe, lakini tunda la ua lililopata chavua ya aina nyingine huwa kubwa na huiva mapema zaidi. Ndiyo maana napendelea Biloxi na Misty pamoja kuliko Biloxi mbili. Ua la bluberi hushika chavua ndani ya vimirija, na huimwaga vizuri linapotikiswa na nyuki mkubwa anayevuma. Ulaya na Marekani kazi hiyo hufanywa na nyuki wa manyoya ambao Afrika yetu haina. Nyuki wetu wa asali hufanya sehemu, na wale weusi wakubwa wanaotoboa mbao husaidia. Anayepuliza sumu ya wadudu wakati wa maua amejinyima mavuno mwenyewe.

Wasomaji wa Kiswahili walioko ughaibuni wana hesabu iliyogeuzwa, na baadhi yao huipotosha kwa kuagiza aina zilezile wanazosikia zinazaa Kenya. Biloxi ikipandwa nje Minneapolis, ambako Wakenya ni wengi, haimalizi mwaka. Huko tatizo ni uhai wenyewe, na Chuo Kikuu cha Minnesota kilizalisha aina za kimo cha kati kwa ajili hiyo hasa: Northblue na Northsky mwaka 1983, kisha Polaris na Chippewa mwaka 1996. Ufupi wake ni kinga, kwa sababu theluji huvifunika vichaka na kuvihifadhi dhidi ya upepo wa nyuzi 30 chini ya sifuri. Atlanta na maeneo yake yana udongo mwekundu mchachu na ni nchi ya jicho la sungura. Huko panda Brightwell na Powderblue na usihangaike sana. Dallas ina udongo mweusi wa chokaa, na huko chungu hakiepukiki. Hata hivyo katika majimbo hayo ya kusini jihadhari na aina zinazodai baridi kidogo mno: zitahesabu saa zao mapema, zitachanua Februari, na usiku mmoja wa barafu wa Machi utamaliza kila kitu.

Uingereza ilianza na miche themanini iliyotolewa bure na mtu wa British Columbia baada ya Vita Kuu ya Pili. David Trehane wa Dorset aliichukua, na kilimo cha bluberi cha nchi hiyo kikaanzia hapo. Bluecrop, Duke na Patriot ziko nyumbani huko. Maji ya bomba ya London yamejaa chokaa, kwa hiyo pipa la mvua ni la lazima. Muscat na Dubai nazipita: udongo wa chokaa, maji ya chumvi na joto la Julai, vyote kwa pamoja, havimwachii mtu wa kawaida nafasi.

Limebaki suala la kununua, na hapa hasira yangu si ndogo. Miche mingi inayotangazwa kwa picha za simu huuzwa kwa jina "bluberi" tu, bila jina la aina. Mche wa namna hiyo hauwezi kuchambuliwa kwa lolote lililosemwa hapa, kwa sababu hujui unadai saa ngapi. Mbegu za pakiti ni mbaya zaidi. Baadhi ni za jamii ya mnavu, zinazozaa tunda jeusi la duara lililopigwa picha vizuri, na hata zikiwa za bluberi kweli, mbegu haitoi mtoto anayefanana na mama. Bluberi yenye jina hupatikana kwa kipandikizi au kwa miche ya maabara, kama ile ya migomba ya chupa. Muulize mwenye kitalu mambo matatu: jina la aina, mche mama uko wapi na unazaa miezi gani, na kibali chake. Mwenye bidhaa halali hujibu bila kukasirika. Kuleta vijiti kwenye begi kutoka safarini ni kuvunja sheria na ni kubeba magonjwa. Uingizaji wa mimea Kenya hupitia mamlaka ya afya ya mimea, KEPHIS, na Tanzania hupitia mwenzake, TPHPA.

Nunua miche mitatu, miwili ya aina moja na mmoja wa nyingine, yenye umri wa mwaka mmoja au miwili na mizizi myeupe isiyozunguka mfuko. Panda masika yanapoanza, funika juu kwa maganda ya misonobari unene wa kiganja, na mwaka wa kwanza ng'oa maua yote ili nguvu iende kwenye mizizi. Mwaka wa pili acha machache. Kuanzia wa tatu, tafuta wavu kabla tunda halijabadilika rangi, kwa sababu ndege huliona siku hiyohiyo.